Jinsi ya Kupunguza Mkazo wa Oksidishaji kwa Mwenye Upungufu wa Homoni za Thairoidi

Seli zinapotumia oksijeni kuzalisha nishati, hutoa chembe kali ziitwazo radikali huru, ambazo mwili huzidhibiti kwa vimeng'enya na kwa virutubishi vinavyojulikana kama antioksidanti. Chembe hizo zikizidi uwezo wa kuzidhibiti, huanza kuharibu mafuta, protini na vinasaba, na hali hiyo ndiyo mkazo wa oksidishaji. Kwa mtu ambaye tezi yake ya thairoidi haitoi homoni za kutosha, ini hupunguza kasi ya kuondoa kolesteroli mbaya (LDL) kwenye damu, na kadiri kolesteroli hiyo inavyokawia humo ndivyo inavyozidi kuoksidishwa na kudhuru kuta za mishipa.

Hatua ya kwanza, ambayo kwa maoni yangu inazishinda nyingine zote, ni kurejesha homoni katika kiwango sahihi. Wagonjwa wengi hukimbilia vidonge vya antioksidanti ilhali dawa yao ya msingi, levothairoksini, wanaimeza kwa namna inayoifanya isifyonzwe vizuri. Imeze asubuhi kwa maji matupu kabla ya kula chochote, kisha usubiri dakika 30 hadi 60 ndipo unywe chai au kahawa na kupata kifungua kinywa. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu, pamoja na baadhi ya dawa za kiungulia, viwekwe mbali na dawa hiyo kwa saa 4, kwa kuwa huinasa tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Dozi ikibadilishwa, kipimo cha TSH, homoni inayoiamuru tezi ya thairoidi kufanya kazi, hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Kupima mapema zaidi hakutoi picha ya kweli. Wala usijiongezee dozi ukidhani utapona haraka, kwa sababu homoni zikizidi, seli hutumia oksijeni kwa kasi kubwa mno, na mkazo uleule unaoukimbia huongezeka, huku moyo nao ukienda mbio.

Baada ya hapo, angalia seleniamu. Tezi ya thairoidi hutengeneza haidrojeni peroksidi, kemikali kali inayohitajika katika kuunda homoni, na vimeng'enya vinavyoikinga tezi dhidi ya kemikali hiyo hutegemea seleniamu, kama ilivyo kwa vile vinavyogeuza homoni ya thairoidi iitwayo T4 kuwa T3, aina yenye nguvu zaidi mwilini. Mtu mzima huhitaji takribani mikrogramu 55 kwa siku, kiasi ambacho samaki, mayai, nyama na nafaka zisizokobolewa kwa kawaida hukitosheleza. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba vidonge vya seleniamu huweza kupunguza kingamwili zinazoishambulia tezi, lakini hilo halimaanishi kwamba mgonjwa anaweza kuacha levothairoksini. Seleniamu ikizidi kwa muda mrefu, nywele hunyonyoka na kucha hukatika ovyo, dalili ambazo mgonjwa huweza kuzidhania kuwa ni za thairoidi yenyewe, akaongeza vidonge badala ya kuviacha.

Madini joto yanahitaji tahadhari hiyohiyo: upungufu wake hudhoofisha tezi, na wingi wake huweza kuizidishia maradhi tezi ambayo tayari inashambuliwa na kinga ya mwili. Usimeze virutubisho vyake bila ushauri wa daktari.

Antioksidanti nyingine, zikiwemo vitamini C na E, ni afadhali uzipate katika matunda, mboga za majani na mbegu. Ukitumia virutubisho vyenye biotini nyingi, ambayo huuzwa sana kwa ajili ya nywele, mjulishe daktari na uiache angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, kwa sababu huvuruga majibu ya vipimo vya thairoidi. Sigara iachwe kabisa, na mazoezi yaanze taratibu, kwa kuwa misuli ya mtu mwenye upungufu huu huchoka upesi.

Ili kujua kama unapiga hatua, huna haja ya kulipia vipimo maalumu vya mkazo wa oksidishaji, kwani havitumiki kuamua matibabu ya thairoidi. Fuatilia TSH na kolesteroli. Kwa kawaida LDL hushuka homoni zinaporudi sawa. Ikibaki juu hata baada ya TSH kutulia, mwombe daktari aitibu kama tatizo linalojitegemea.