SOMO: Kutembeza bahasha viwandani Dar, geti kwa geti

Wakuu, somo hili ni la anayetafuta kazi ya kiwandani au ghalani kwa miguu: fundi umeme, mchomeleaji, opareta, mtunza stoo. Nafasi nyingi za namna hii hazifiki kwenye matangazo. Fundi akiondoka leo, msimamizi wake anataka mtu wiki hiihii, na wa kwanza kumkumbuka ni yule aliyesimama mbele yake siku chache nyuma. Unatembea ili msimamizi huyo akuone, kisha akuone tena.

Hatua ya 1: Bahasha
Barua ya ukurasa mmoja, wasifu usiozidi kurasa mbili, vivuli vya vyeti na kivuli cha kitambulisho cha NIDA. Vyeti halisi vibaki nyumbani. Juu ya bahasha, kwa kalamu nene, andika jina, fani na namba ya simu: "FUNDI UMEME WA VIWANDANI, VETA". Bahasha zinarundikwa mezani, na anayepekua rundo hafungui zote. Isiyoandikwa kitu nje inabaki chini. Namba iwe ile utakayokuwa nayo hata miezi sita ijayo.

Hatua ya 2: Eneo
Siku moja, eneo moja. Barabara ya Nyerere kuelekea uwanja wa ndege, ukiunganisha Chang'ombe au Vingunguti. Mikocheni viwandani siku yake. Ubungo External siku yake. Kurasini ni kwa wanaotaka maghala na bandari kavu. Mageti sita hadi nane kwa siku yanatosha, maana kusubiri tu kunaweza kula nusu saa kila geti. Anayelenga ishirini huishia kuacha bahasha kwa walinzi na kuondoka, na hiyo ni karatasi imepotea.

Hatua ya 3: Muda
Kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na nusu asubuhi geti lina vibarua na zamu zinabadilishana. Kama hutafuti kibarua, usiwepo hapo, utahesabiwa nao. Fika saa 3. Jumatatu asubuhi wasimamizi wanahangaika kuwasha mitambo iliyolala, na siku za mwisho wa mwezi ofisi ya utumishi imezama kwenye mishahara.

Hatua ya 4: Getini
Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mlinzi ana daftari la wageni: jina, unakotoka, unamwona nani, saa, sahihi. Ile safu ya "unamwona nani" ndiyo inayokufungia nje. Ukisema "natafuta kazi yoyote", mlinzi hana wa kumpigia, atakujibu hakuna nafasi, na hajasema uongo. Ukisema "namwona msimamizi wa matengenezo", walau ana mlango wa kugonga.

Jina la msimamizi unalipata kwa mama lishe. Kati ya saa 6 na saa 8 mchana wafanyakazi hutoka kula nje ya geti. Kaa, agiza chakula, uliza kwa adabu: nani anasimamia matengenezo, zamu ngapi, mtambo gani unawasumbua. Sahani moja ya wali maharage inaweza kukupa taarifa nyingi kuliko wiki nzima ya kusimama juani.

Ukirudi getini, maneno yawe machache: "Habari za kazi, afande. Mimi ni fundi umeme, nimesomea VETA. Naomba kumwona msimamizi wa matengenezo dakika mbili, kama ametingwa nitamwachia bahasha." Nenda peke yako. Wakifika watatu pamoja, mlinzi anaona kundi na anawafukuza wote.

Hatua ya 5: Jaribio
Vaa viatu vya kufunika, kwa ndala hupiti. Kwenye begi weka testa, bisibisi, pilaza na glavu zako. Mchomeleaji anaweza kupewa vipande viwili vya chuma palepale aviunge vikiwa wima. Kosa la kawaida ni kuongeza moto ili umalize haraka: chuma kinayeyuka na kuchuruzika chini. Punguza ampea, safisha kutu kwanza, nenda taratibu.

Hatua ya 6: Daftari lako na kurudi
Andika kiwanda, tarehe, uliyeongea naye, alichosema, tarehe ya kurudi. Rudi baada ya siku 10 hadi 14 na umtaje mtu kwa jina. Safari ya pili ndiyo yenye faida, maana sasa mlinzi anakufahamu. Ukienda mara tatu bila kuonana na mwenye kuchagua, funga ukurasa huo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mlinzi anataka elfu tano ndipo apeleke bahasha. Nitoe?
Jibu: Usitoe. Huna namna ya kujua kama imefika. Subiri mchana, mkabidhi mfanyakazi wa kitengo hicho akitoka kula, au rudi zamu ya mlinzi mwingine.

Swali: Nimepigiwa simu kwamba nimepata kazi, nitume elfu thelathini ya kupima afya na sare. Kiwanda kweli nilipeleka bahasha.
Jibu: Huyo ni kishoka, ndugu. Namba yako iko juu ya bahasha, kila aliyeishika ameiona. Nenda kiwandani mwenyewe ukaulize ofisi ya utumishi. Mwajiri wa kweli hakusanyi hela kwa namba ya mtu binafsi.

Swali: Mimi ni dada mwenye stashahada ya maabara. Nijipange na vibarua ili niingie ndani kwanza?
Jibu: Hapana, dada. Ukiandikwa mfungashaji, kuhamia maabara kunachukua muda mrefu. Omba kumwona mkuu wa kitengo cha ubora, kuanzia saa 4 na nusu, wakishamaliza vipimo vya asubuhi. Lenga vinywaji, unga, sabuni na rangi.

Swali: Niliajiriwa kiwandani miaka miwili, nikaachishwa bila barua yoyote. Uzoefu nitauthibitishaje?
Jibu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Kakiombe kwa maandishi, ubaki na nakala. Kama walikukata NSSF, omba taarifa ya michango, nayo inaonyesha ulikofanya kazi.

Swali: Vipi Kibaha na Mkuranga?
Jibu: Viwanda vipo, ila mageti yako mbalimbali na bodaboda zitakumaliza. Panga mageti mawili au matatu tu, na utoke Dar alfajiri. Kabla ya kwenda, hakikisha kama wanatoa usafiri au malazi, maana mshahara unaweza kuishia kwenye nauli.