Mchuzi mzito wa nyama usio na mabonge
Nyama ya ng'ombe wa kienyeji tunayoinunua hapa Mwanza huchukua muda mrefu kulainika, na kwa sababu hiyo wengi wetu huongeza maji mara kwa mara hadi mchuzi unabaki mwepesi mno. Kabla ya kugusa unga wowote, funua sufuria na uache mchuzi uchemke taratibu mpaka upungue; mara nyingi hatua hiyo pekee hutosha, tena ladha hukolea.

Isipotosha, koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo katika maji baridi kwa kila vikombe viwili vya mchuzi. Maji yawe baridi kweli, kwa kuwa ya moto huivisha unga kwa nje kabla haujatawanyika, na hapo ndipo mabonge yanapotokea. Mimina kidogo kidogo huku ukikoroga, hadi mchuzi uushike mwiko badala ya kuchuruzika wote mara moja, kisha uchemshe dakika chache ili ubichi wa unga uishe. Chumvi itiwe mwisho, baada ya mchuzi kupungua.