Kurekebisha Nguzo ya Usukani wa Pikapu Kuukuu

Usukani wa pikapu kuukuu unapoanza kucheza, mafundi wengi wa Nairobi huanzia chini: hubadilisha tairodi, yaani vyuma vinavyosukuma magurudumu ya mbele, wakamaliza hizo wakageukia reki, ule mtambo wa meno unaozisukuma tairodi, na mwenye gari akarudishiwa usukani unaocheza vilevile. Yalinipata mimi na Peugeot 504 yangu. Baada ya kulipia tairodi mbili ambazo hazikuwa na kasoro, niligundua kwamba kilichokwisha ni bushi ndogo, yaani pete inayoishikilia shafti isitikisike, iliyo juu ya nguzo ya usukani, karibu kabisa na mikono ya dereva. Kwa hiyo, kabla ya kufungua bolti hata moja, tafuta mahali hasa panapolegea.

Kazi hiyo inahitaji watu wawili. Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka na kukanyaga ardhi, kisha mwombe msaidizi autikise usukani kidogo kushoto na kulia huku wewe ukiifuata shafti, ule mti wa chuma unaopita ndani ya nguzo, kwa vidole kutoka juu hadi inapoingia kwenye reki, au kwenye boksi ya usukani (kisanduku cha gia kinachochukua nafasi ya reki) kama gari lako ni Datsun 1200 au Land Rover Series III. Pale ambapo kipande cha juu kinasogea na cha chini kinabaki kimetulia, ndipo penye ugonjwa. Baada ya hapo ushike usukani mwenyewe, uuinue, uushushe, uuvute na kuusukuma. Ukisogea juu na chini, bushi ya juu imekwisha au bolti zinazoshikilia nguzo chini ya dashibodi zimelegea. Hizo za dashibodi ziangalie kwanza, kwa kuwa kuzikaza ni kazi ya dakika tano. Kwa kipimo, wakaguzi wa magari nchini Uingereza wamezoea kutumia kikomo cha kucheza cha takriban milimita 13 kwenye ukingo wa usukani wenye upana wa milimita 380 ikiwa gari lina reki, na milimita 75 ikiwa lina boksi. Kwa maoni yangu, milimita 75 ni nyingi mno kwa mtu anayepishana na matatu kila siku.

Ukishathibitisha kwamba tatizo limo kwenye nguzo, ondoa waya wa hasi wa betri, kwa sababu nyaya za honi, indiketa na swichi ya ufunguo zote hupita hapo. Zipige picha kwa simu kabla ya kuzichomoa. Bandua kifuniko cha honi, legeza nati ya usukani, lakini usiitoe kabisa: iache imeshika nyuzi chache, ili usukani utakapoachia ghafla usikurukie usoni. Tia alama ya panchi kwenye shafti na kwenye kitovu cha usukani ili virudi vilivyokuwa, kisha tumia pula, kifaa cha kuvutia, kuung'oa.

Hapa ndipo nyundo hutokea, nami nakuomba uiweke mbali. Marekani ilianza mwaka 1968 kudai kwamba nguzo za usukani za magari mapya ya abiria ziweze kujikunja wakati wa ajali badala ya kumchoma dereva kifuani, na watengenezaji wengi wa nchi nyingine wakafuata mtindo huo. Baadhi ya nguzo za namna hiyo hushikiliwa na pini laini za plastiki zilizokusudiwa kukatika. Ukiigonga shafti kichwani, pini hizo zinaweza kukatika hapo gereji, na nguzo itakayobaki haitakuwa imara wala salama.

Chini, karibu na reki, shafti hubanwa na bolti inayopita kando yake. Itoe kabisa, kwa sababu mara nyingi hukaa ndani ya mfuo wa shafti, na kuilegeza tu hakutoshi. Tia alama hapo pia. Kisha fungua vishikizo vya dashibodi na uitoe nguzo ndani ya gari taratibu.

Safisha shafti kwa mafuta ya taa, bila kuyagusisha mpira, kisha pitisha ukucha mahali bushi ilipokuwa ikikaa. Ukucha usipokwama, bushi mpya ya kiwandani inatosha. Itafute Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri jijini Nairobi, ukiwa umebeba ile ya zamani. Ukikwama, au bushi isipopatikana, mpelekee fundi wa kukereza huko Kariobangi Light Industries shafti pamoja na bomba lake, umwombe akukerezee bushi ya nailoni kulingana na ukubwa wa shafti ulivyo sasa. Bushi iketi imebana ndani ya bomba, lakini shafti izunguke kwa vidole viwili bila kutikisika. Isibane shafti kupita kiasi, kwa sababu nailoni hunyonya unyevu na kuvimba, na usukani mzito usiojirudisha baada ya kona ni hatari pia.

Magari mengi ya enzi hizo yana diski ya mpira au kiungo cha msalaba kati ya nguzo na reki. Diski yenye nyufa hutupwa, wala usikubali iliyokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu, hata ukiapiwa kwamba ni ngumu kuliko ya kiwandani. Kiungo cha msalaba kinachokwama kwama kinapokunjwa nacho hubadilishwa. Shafti iliyopasuka, au ambayo meno yake yameliwa, isichomelewe kamwe. Tafuta nyingine nzima kutoka kwa gari lililovunjwa.

Unaporudisha, paka bushi grisi kidogo na uuache mpira mkavu. Shika bolti zote kwa mkono kwanza, hakikisha nguzo imekaa bila kulazimishwa, ndipo uzikaze kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Nati za kujifunga zinunue mpya. Kisha inua magurudumu ya mbele, egemeza gari juu ya stendi wala si juu ya jeki peke yake, uuzungushe usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ukisikiliza kama kuna waya unaovutwa. Jaribu pia kufuli ya usukani mara kadhaa, kwani ulimi wake unapaswa kurudi wote ufunguo unapowashwa.

Endesha polepole uwanjani kabla ya kuingia barabarani, upite matuta mawili matatu, kisha urudi ukakague zile bolti upya. Mimi hurudia ukaguzi huo baada ya wiki moja, na mara ya kwanza nilikuta bolti moja ya dashibodi imelegea robo mzunguko.