Namna ya Kusoma Miamba Mashapo ya Kale Kandokando ya Ziwa Viktoria

Ukitaka kutafuta dalili za uhai wa kale, usianze na majabali ya Mwanza mjini, kwa kuwa hayo ni matale (graniti) yaliyoganda kutoka uji wa moto chini ya ardhi. Vuka kutoka Kigongo hadi Busisi, uelekee Geita, kwenye miamba ya kundi la Nyanzia, kundi la miamba ya kale ya eneo hili, yenye umri wa takriban miaka bilioni 2.7. Beba nyundo, lenzi, dira yenye kipimo cha mwinamo na kipande cha sumaku, na uombe ruhusa kwanza, maana sehemu kubwa ya vilima hivyo ina leseni za uchimbaji.

Tafuta mwamba wenye mistari myembamba, mieusi ikipishana na myekundu au ya kijivu. Mstari mweusi ukinasa sumaku, una magnetiti, yaani madini ya chuma. Ule mgumu, wenye kingo kali kama chupa iliyovunjika, ni silika, madini yale yale ya mchanga mweupe. Chuma hicho kiliyeyuka katika bahari iliyokosa oksijeni, kisha kikatuama penye maji matulivu, na huenda bakteria walichangia, ama kwa kutoa oksijeni, ama kwa kukioksidisha chuma, yaani kukigeuza kuwa kama kutu, kwa msaada wa mwanga wa jua. Nasema huenda kwa makusudi. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba wamepata stromatoliti, yaani vichuguu vya matabaka vilivyojengwa na vijidudu, za miaka bilioni 3.7 huko Greenland, lakini mwaka 2018 wenzao walionyesha kuwa maumbo yale yangeweza kutokana na mwamba kukandamizwa tu. Kwa hiyo, ukiona vichuguu ndani ya mwamba, vikague kwa pande zaidi ya moja, uone kama matabaka ya juu yamevifunika taratibu au yamekunjwa pamoja navyo.

Kisha pima mwinamo wa matabaka kwa dira hiyo. Mashapo hulala karibu bapa yanapotuama. Yakiwa yamesimama wima, ganda la dunia lilibanwa baadaye. Ili kujua upande uliokuwa juu, angalia tabaka la mchanga lenye punje kubwa chini na ndogo juu.

Miamba ya Kavirondo, iliyolala juu ya ile ya Nyanzia, ina kokoto zilizogandamana. Zichunguze moja moja: kokoto ya mviringo ilisukumwa na maji, na ikiwa ni ya itale, basi itale lililozaliwa kina kirefu lilikuwa limekwisha kuinuliwa na kumomonyolewa. Umri hupimwa maabara kwa punje za zirkoni, madini magumu yanayodumu, na mashapo hayawezi kuwa ya zamani kuliko punje changa kabisa iliyomo ndani yake.