Ubao umenyooka, jicho ndilo limepinda: namna ya kuugundua mchochota wa retina uzeeni

Seremala akitaka kujua kama ubao umenyooka huuinua usawa wa shavu, akafumba jicho moja na kuchungulia ukingoni. Nimefanya hivyo miaka 37. Siku moja nikaona kibyongo katikati ya ubao, nikapiga randa. Nikachungulia, bado kipo. Nikapiga tena. Kijana ninayemfundisha kazi akauliza kwa adabu, "Fundi, huo si umeshanyooka? Mbona unaumaliza?" Nikaugeuza, mwisho ukawa mwanzo. Kibyongo palepale. Nikahamia jicho la kushoto, kikatoweka. Kibyongo kilikuwa ndani ya jicho langu la kulia, kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga: ni ugonjwa wa uzeeni, madaktari huuita AMD, ambamo mchochota, yaani kinga ya mwili kuwaka na kushambulia, huchangia kuuharibu utando huo.

Basi anza hapo: pima jicho mojamoja. Ukitazama kwa yote mawili, lililo zima hulifichia aibu la pili, na unaweza kukaa miezi hujui kitu.

Kipimo chenyewe ni gridi ya Amsler, karatasi yenye mraba wa sentimita 10 uliojaa mistari, na nukta katikati. Vaa miwani yako ya kusomea, ishike umbali wa sentimita 30 hivi, funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza (ukilibonyeza litaona ukungu na utajitisha bure). Kodolea nukta, usiihame. Je, mistari yote imenyooka? Kuna mahali pamefutika au pana kivuli? Kisha jicho la pili. Mimi nimeibandika pembeni ya kioo ninaponyolea ndevu. Palipopinda nazungushia penseli na kuandika tarehe. Huna gridi? Fremu ya mlango inatosha kukushtua.

Ila gridi safi isikulaze usingizi. Hatua za mwanzo hazipindishi mstari wowote. Ukishavuka miaka 50, hasa kama mzazi au ndugu yako alipatwa, mtafute daktari wa macho akutanue mboni na kutazama nyuma ya jicho, na ikiwezekana apige picha ya tabaka za retina.

Mimi nilichelewa. Kwanza niliuziwa lenzi mpya, kibyongo kikabaki. Kisha nikasikia neno mchochota, nikaanza kutia matone ya kutibu macho mekundu. Ujinga mtupu. Mchochota huu hauumi, hauwashi, wala jicho haliwi jekundu. Uko nyuma kabisa, kwenye makula, kile kisehemu kidogo cha katikati ya retina tunachosomea na kutambulia sura za watu.

Nilivyoelezwa ni hivi. Seli zinazopokea mwanga hutoa taka kila siku, na tabaka la seli lililo chini yake hufagia. Uzeeni mfagiaji huchoka. Mafuta na protini hurundikana, na madoa hayo huitwa druseni. Kinga ya mwili huliona rundo kama adui. Kuna kundi la protini liitwalo komplimenti, kazi yake kushambulia wavamizi, na lina breki yake iitwayo faktari H. Mwaka 2005 watafiti waligundua kwamba watu wenye aina fulani ya jeni ya breki hiyo wamo hatarini zaidi. Mlinzi asiye na breki humpiga mwizi, kisha humgeukia mwenye nyumba.

Jeni huwezi kuibadili. Sigara unaweza kuiacha, na hakuna jambo lililo mikononi mwako lenye uzito kuliko hilo. Nilivuta tangu ujana; nimeacha, na sijawa mtu mwema kwa miezi mitatu, muulizeni mke wangu. Dawa za maumivu za kutuliza mchochota usizimeze kwa ajili hii, si tiba yake.

Vidonge vya vitamini navyo si vya kila mtu. Mchanganyiko uliojaribiwa Marekani, matokeo yakatoka 2001, ulipunguza kwa takriban asilimia 25 hatari ya kufikia hatua kali ndani ya miaka 5, kwa waliokwisha kufika hatua ya kati au walioharibikiwa jicho moja. Asiye na ugonjwa haumkingi. Aliyevuta sigara achague ule wa 2013, wenye luteini na zeaksanthini (rangi asilia za mboga) badala ya beta-karotini (ambayo mwili huigeuza vitamini A), kwa sababu beta-karotini huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji.

Mstari ukipinda ghafla, usingoje. Huenda mishipa mipya ya damu imechipuka chini ya retina na inavuja. Siku chache zina maana. Tiba ni sindano, ndiyo, ndani ya jicho. Hutiwa ganzi ya matone, unasikia kubonyezwa tu. Nimechomwa 11, kibyongo kimepungua, hakijaisha. Kwa aina kavu iliyokomaa, yaani ile isiyo na mishipa inayovuja, Marekani iliidhinisha mwaka 2023 dawa mbili za kuzuia komplimenti. Hupunguza kasi ya kuenea, hazirudishi kilichopotea.

Ukienda kwa daktari, beba ile gridi yenye alama na tarehe. Yangu ina miduara minne ya penseli, na yeye huanza na hiyo kabla hajawasha taa.