Kupanga kambi ya kiangazi kwenye mchanga wa Idjwi

Mkaaji wa Goma anayetaka kulala juu ya mchanga kando ya maji hana budi kuvuka Ziwa Kivu hadi kisiwa cha Idjwi. Pwani yetu ya kaskazini imefunikwa na mawe ya volkano, ambayo hukata miguu na hayapitishi vigingi vya hema. Isitoshe, katika mashimo na mabonde madogo ya upande wa Bulengo na Sake hujikusanya mazuku, yaani hewa ya kaboni dioksidi, ambayo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutuama chini na kuua mifugo na hata watu, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo wa kuitawanya. Kisiwa kidogo cha Tchegera ni kizuri, lakini kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga na mtu hawezi kujipigia hema humo apendavyo. Idjwi ni kisiwa cha miamba ya kale, si cha lava, na katika baadhi ya ghuba zake mna vipande vya mchanga. Nasema vipande: anayetarajia ufukwe mrefu kama ule wa Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, atakuwa amekosea ziwa.

Majira yanayofaa ni kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo mvua hupungua sana, na likizo kubwa ya wanafunzi huangukia humo humo. Hata hivyo, kiangazi ndiyo pia miezi ya upepo mkali wa kusini-mashariki, na upepo huo ndio unaopaswa kuamua karibu kila jambo katika mipango yako. Mara nyingi ziwa hutulia asubuhi, kisha mawimbi huinuka kadiri mchana unavyosonga. Kwa hiyo panda boti mapema iwezekanavyo, na ukiambiwa kwamba itaondoka saa tisa alasiri kwa sababu bado inasubiri mizigo, ni heri ulale nyumbani na kwenda kesho yake. Boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, hapa Goma, tarehe 3 Oktoba 2024 ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu wengi walikufa huku nchi kavu ikionekana. Kila mmoja wa kundi lako, pamoja na watoto, awe na jile lake la kuelea, alivae tangu bandarini na kulifunga mikanda. Jile lililokaliwa kama mto halimsaidii mtu. Katika wiki ya safari yenyewe, uliza bandarini kama boti zinaruhusiwa kuvuka na kwa saa zipi, kwa maana tangu vita vilipoingia mjini mwezi Januari 2025 masharti hayo hayawezi kuchukuliwa kuwa ya kudumu. Beba kadi yako ya mpiga kura au hati nyingine ya utambulisho.

Tazama mwezi pia kabla ya kuchagua tarehe. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, hufanya kazi kwa taa, na taa hizo hazivuti samaki vizuri wakati mwezi unapokuwa mpevu, hivyo katika siku hizo wengi hawatoki. Ukienda mwezi ukiwa mpevu utapata usiku wenye mwanga wa kutembelea ufukweni, lakini asubuhi huenda usipate sambaza wabichi. Ukienda wakati wa giza utaona taa zimetapakaa ziwani, na kutakapopambazuka utanunua kitoweo moja kwa moja kutoka mtumbwini. Mimi ningechagua giza bila kusitasita.

Kisiwa hiki kina watu wengi, na hakuna ufukwe usiokuwa na mwenyewe. Ukishuka, kwa mfano Bugarula, usianze kufungua mizigo: nenda kwanza kwa mkuu wa kijiji, msalimie, mweleze idadi yenu na siku mtakazokaa, kisha umwombe akuelekeze kwa mwenye shamba linalopakana na mchanga. Kiasi mtakachokubaliana kitolewe mbele yake. Ni vizuri awepo mmoja wenu anayejua Kihavu, ijapokuwa Kiswahili kinatosha kwa mapatano. Uliza pia mitumbwi huegeshwa wapi na nyavu huanikwa wapi, ili msiwazibie wavuvi njia wanaporudi alfajiri.

Chagua ghuba inayotazama kaskazini au magharibi, ambayo mgongo wa kisiwa unaikinga na upepo. Kwenye mchanga kuna mstari wa majani makavu na vijiti ambao mawimbi makubwa yameuacha. Hema likae juu ya mstari huo kwa hatua kadhaa, mbali na mdomo wa kijito. Vigingi vya kawaida havishiki mchanga. Jaza mchanga katika mifuko midogo ya unga, ifunge kwenye kamba za hema, kisha ifukie kwa kina cha mkono hadi kiwiko na kuishindilia kwa miguu. Elekeza mlango mbali na upepo. Chukua mablanketi mazito, kwa kuwa ziwa liko kwenye kimo cha takriban mita 1,460 na baridi ya usiku wa Julai huwashangaza waliofungasha kaptula tu.

Maji ya ziwa yasinywewe hivi hivi, maana kipindupindu hakijaisha katika pwani za Kivu. Yachemshe au yatie dawa ya klorini. Kadiria lita 5 kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia. Watu 8 kwa siku mbili wanahitaji bidoni nne za lita 20. Choo kichimbwe mbali na maji na kifukiwe kabla ya kuondoka.

Kuhusu chakula, unga wa bugali, maharagi yaliyokwisha kuchemshwa na fomaji (jibini) ya Masisi, ambayo hustahimili siku kadhaa bila friji, vinatosha. Ndizi na mananasi utavipata huko huko. Makala (mkaa) na mbabula, yaani jiko la kuyawashia, vitoke Goma. Mbabula isiingizwe hemani hata kama baridi inauma, kwa maana moshi usioonekana wa makala huua waliolala.

Ziwa Kivu halina mamba wala viboko, na gesi yake maarufu, methani na kaboni dioksidi, imefungiwa chini kabisa. Kinachopaswa kuogopwa ni mteremko: ziwa hili linafikia kina cha mita 480 hivi, na mahali pengi hatua chache tu hutenganisha maji ya magoti na maji yasiyo na sakafu. Watoto waogelee wakiwa na jile, na mtu mzima anayejua kuogelea asimame upande wa ndani ya ziwa.

Kwa safari ya kurudi, patana na nahodha kabla hamjashuka: mpe nusu ya nauli, nusu nyingine aipate atakapowachukua asubuhi. Fungasheni vyombo jioni ya mwisho, na mbakize unga na maji ya siku moja ya ziada, kwa sababu upepo ukianza mapema nahodha mwenye busara hatakuja, nanyi mtamsubiri hadi kesho yake.