Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuomba Kibali cha Maji ya Mto

Kikundi cha wakulima wa Hai, Moshi Vijijini au Arumeru kinachotaka kujenga banio jipya, yaani kizuizi cha kuchepushia maji ya mto kwenda mferejini, hufikiria kwanza saruji na mabomba, ilhali swali linalotangulia yote hayo ni kama mto una maji ya kugawana katika miezi ambayo kila mtu anayahitaji. Kipimo kilichochukuliwa wakati wa masika hakifai kwa uamuzi huu. Mto hupimwa kiangazi, hasa Septemba na Oktoba kabla ya vuli, na ikiwezekana kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kwa makadirio ya awali hakihitajiki chombo cha gharama. Chagua sehemu ya mto iliyonyooka, pima upana na kina katika nukta kadhaa ili upate wastani, kisha achilia kitu kinachoelea, uhesabu sekunde kinazotumia kufika umbali unaoujua. Gawa umbali huo kwa sekunde hizo upate mwendo. Zidisha upana, kina na mwendo, halafu zidisha tena kwa takriban 0.85, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Chukulia kijito chenye upana wa mita 1.8, kina cha mita 0.12 na mwendo wa mita 0.25 kwa sekunde: jibu ni kama mita za ujazo 0.046, yaani lita 46, kwa sekunde, na hizo ndizo lita za wote.

Kutoka katika kiasi hicho kuna fungu lisiloguswa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inatanguliza mahitaji ya msingi ya binadamu, kisha mazingira, ndipo shughuli za uchumi zifuate. Kwa hiyo mkulima anayekausha kijito usiku kwa kuwa shamba lake liko juu hawezi kujitetea kwamba maji yangepotea bure; yangeshuka Mto Kikuletwa na kuingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako kuna wavuvi, na chini zaidi kuna mitambo ya umeme ya Hale na Pangani.

Baada ya hapo orodhesha watumiaji waliopo, na orodha isiishie kwenye vibali vilivyoandikwa. Mifongo ya Wachagga, yaani mifereji yao ya jadi ya umwagiliaji, mingi ikiwa ya kale kuliko ofisi yoyote ya maji, ina zamu na wazee wake, na sheria hiyo hiyo inazitambua haki za kimila. Anayepuuza mfongo kwa sababu hauna karatasi anajitafutia mgogoro. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987, unatoa funzo la aina hiyo: mpunga ulipoonekana kulipa, wakulima walio juu nje ya mradi nao wakaulima, na maji ya Mto Rau yakawa haba kwa mashamba yaliyopangiwa.

Ombi lenyewe hupelekwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao makuu Moshi. Kabla ya kulipeleka, zungumzeni na jumuiya ya watumia maji ya eneo lenu pamoja na serikali ya kijiji, na hakikisheni shughuli zenu haziingii ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa mto. Kiasi mnachoomba kilingane na mahitaji ya zao. Mfereji wa udongo unaovuja huwafanya watu waombe maradufu, na kwa maoni yangu kuuziba ni nafuu kuliko kugombania maji mapya.

Jambo moja husahaulika mara nyingi: kibali hakihakikishi kwamba maji yatakuwepo. Kinaruhusu kuchukua kiasi fulani kwa masharti, na ukame unapokuja, kiasi hicho kinaweza kupunguzwa. Kwa sababu hiyo wekeni kipimo kwenye banio tangu siku ya kwanza na muandike usomaji wake kila wiki, pamoja na kukubaliana mapema, kwa maandishi, ni shamba la nani litakalosubiri.